Barua kwa Somo: Habari za Kitabu Chenu cha Kutisha

Mji wa Kale, Mombasa

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila joto ndilo linalotutoa roho. Mama anakusalimu, na shangazi anauliza kama huko Nairobi unapata samaki wa maana au unaambulia wale wa barafu.

Kitabu kimefika. Kondakta wa basi alikileta kimefungwa gazeti, ncha moja imelowa, lakini kinasomeka. Nimekisoma chote, toka utangulizi mpaka shukrani, na hadithi yako nimeirudia. Sasa lile ombi lako la kukiandikia uhakiki: siandiki. Usinune kwanza, nisikilize.

Hivi vitabu vya hadithi za kutisha vinavyotolewa na wachapishaji wadogo vina ukoo mdogo mno. Mhariri wa hiki ni mwandishi katika kile, mwandishi wa kile ndiye mhakiki wa hiki, na wote wako kundi moja la WhatsApp. Kila kinachotoka husifiwa kwa maneno yale yale: kinasisimua, ukikishika hukiachi. Mtu ananunua, anakuta sivyo, na cha pili hanunui tena hata kikiwa kizuri kweli. Mimi na wewe tumekula mahamri sahani moja tangu chuoni kwa mwalimu. Nikikusifu hadharani, nani ataniamini? Na nikikukosoa, watasema tumegombana.

Kumchapisha rafiki ni jambo jingine, hilo halina aibu. Lovecraft, yule Mmarekani wa hadithi za kutisha, alipokufa mwaka 1937, hadithi zake nyingi zilikuwa zimetawanyika kwenye majarida ya bei rahisi. Watu wawili waliokuwa wakiandikiana naye barua, August Derleth na Donald Wandrei, wakaanzisha shirika lao la uchapishaji, Arkham House, mwaka 1939 ili wazikusanye kitabuni. Walichapa nakala 1,268 tu, na hata hizo zilichukua miaka kuisha. Kwa hiyo mchapishaji wenu asione haya kwa nakala zake 300. Ila wale walipeleka kitabu kwa wasomaji wasiowajua, na ndivyo mnavyotakiwa kufanya ninyi. Kuna mwalimu wa fasihi hapa Kisauni, hamjui hata mmoja wenu, na ulimi wake ni wembe. Mpeni nakala bure, bila masharti, aandike anachokiona. Akitaja hadithi moja kwa jina na kusema kwa nini imemshika, hilo litawafaa kuliko sifa ishirini za jumla.

Lakini wewe nitakwambia yangu hapa.

Jalada silisemi sana. Fuvu, damu, herufi zinazochuruzika. Basi.

Ndani mna hadithi 14, na katika hizo tatu nzima zina yule mwanamke wa buibui anayeomba lifti usiku, dereva akitupa jicho chini anaona kwato. Somo, kuna mtoto gani wa Mombasa asiyeijua hiyo? Msomaji wa huku akikutana tu na usiku, buibui na harufu ya udi, ameshatazama miguu kabla ya dereva. Mhariri alitakiwa abakishe moja, mbili azirudishe kwa wenyewe na barua ya heshima. Hiyo ndiyo kazi yake. Kukusanya tu hata karani anaweza.

Na iliyoshinda zote tatu anayo, tena kaificha namba kumi na moja! Ile ya fundi viatu wa Mwembe Tayari. Unaikumbuka? Mwanamke anamletea viatu vya kubadilisha soli, kila mwezi, vya gharama. Fundi anavigeuza na kuona kisigino ni kipya kabisa, hakijawahi kugusa chini, na mbele pamelika mpaka bitana inaonekana. Anaweka soli, analipwa, mwezi unaofuata ni vile vile. Siku moja anataka kumpima mguu ili amtengenezee vinavyomfaa, na yule mama anacheka tu, anasema, "Fundi, wewe shughulika na kiatu." Hatuoni miguu. Mpaka mwisho hatuoni! Niliisoma usiku umeme umekatika, na nakwambia kweli, niliinua miguu nikaiweka kitandani. Mwandishi ameichukua hadithi ambayo sote tunaijua mwisho wake, akaingia kwa mlango wa nyuma. Hadithi ya namna hiyo huwekwa ya kwanza au ya mwisho, kwa sababu ya kwanza ndiyo msomaji anayoanzia dukani akikipekua kitabu, na ya mwisho ndiyo anayobaki nayo akikifunga. Wao ya kwanza wamempa yule bwana mwenye jina, na yake ni kurasa kumi na tisa za ukungu na popo. Huku kwetu ukungu uko wapi?

Ile ya feri imeniudhi, na uhakiki wowote wa haki lazima uiseme. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu zaidi ya 270. Mwandishi wenu ameichukua asubuhi ile akaitia chunusi, lile jini la majini, mikono inayotoka majini, macho mekundu, na idadi ya waliokufa ameirudia kila baada ya ukurasa kama mtu anayeongeza pilipili. Simkatazi mtu kuandika msiba. Lakini Likoni na Mtongwe kuna nyumba ambazo mpaka leo zinawasomea watu wao hitima, na ni majirani zetu. Kisha hata kwa kutisha kwenyewe amekosea mlango. Feri ilikuwa imejaza kupita kiasi. Watu wanakwenda kazini, wanaona imejaa, wanapanda kwa sababu kazi haingoji. Kitisho ni hicho hapo, hakihitaji jini. Ukimtia chunusi pale unawasamehe waliopakia.

Haya, tuje kwako.

Yako ni ya pili kwa uzuri, na ingeweza kuwa ya kwanza. Muosha maiti anaitwa usiku kwa marehemu asiyemjua, mume wa marehemu yuko barazani hasemi neno. Anaanza kumwaga maji. Pale ulipoandika "Maji yalimwagwa kichwani, miguuni hayakufika," nilifunga kitabu kidogo. Sentensi fupi, hakuna damu, hakuna kelele, na mtu ambaye amewahi kuingia chumba kile anajua maji yanavyotakiwa kwenda. Halafu anamwaga tena, ndoo ya pili, na sakafu bado kavu. Mwanangu, hapo uliniweza.

Kisha ukurasa na nusu wa mwisho ukaja ukaharibu. Anaingia shehe, anasoma, maiti inatulia, na shehe anatueleza kwamba mume alikula yamini kwa mganga, akatoa mke kafara ili biashara ya malori imnyookee. Na mume analia, anajuta, majirani wanatikisa vichwa kuhusu tamaa. Kwani nani alikuuliza?

Najua ilikotoka. Hadithi fupi za Kiswahili hapa Kenya zimelelewa na mtihani. Mkusanyiko ukiteuliwa kutahiniwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, unauzwa nchi nzima, usipoteuliwa unakaa na vumbi, kwa hiyo kila mwandishi, hata akiandika habari za mizuka, anamwachia mwanafunzi jibu la swali la maudhui. Tamaa mbele, mauti nyuma, alama nne. Kitabu chenu hakiendi shuleni, na fuvu lile hakuna mwalimu mkuu atakayelipitisha. Kwa hiyo mko huru, na mnautumia uhuru wenu kuandika mwongozo! Hofu ikishaelezwa imekwisha. Mume akae barazani kimya, asitoke pale, na sisi tujiulize alichofanya.

Nimeijaribu. Nilimsomea shangazi, unajua yeye amewaosha wangapi mtaa huu, nikakomea kwenye ndoo ya tatu. Akanyamaza. Akauliza, "Na yule mume?" Nikamwambia yuko nje. Akasema, "Asimfungulie mlango." Mtu mzima yule, anamzungumzia mume wa kwenye karatasi! Ya shehe sikumsomea.

Lakini alikukosoa, na hapa uandike vizuri. Umetia kafuri katika maji ya kwanza. Kafuri huwekwa maji ya mwisho. Mwanzo ni majani ya mkunazi. Shangazi alisema mwoshaji wako ama ni mgeni wa kazi ama ana lake jambo. Na wewe umetwambia amefanya kazi hii maisha yake yote, kwa hiyo msomaji kama shangazi anaacha kukuamini palepale, kabla hujafika kwenye maji yasiyofika miguuni. Hadithi ya kutisha inadai mambo ya kawaida yawe sawasawa mpaka ukucha, ndipo lile moja lisilo sawa lionekane. Au sivyo, mwache akosee kwa kusudi na asitwambie sababu. Mimi ningechagua hilo la pili, ila hadithi ni yako.

Sasa mkataba wa kitabu cha pili, ile picha uliyonitumia kwenye simu. Kifungu cha nne: haki zote, lugha zote, milele, na malipo ni nakala mbili. Milele hiyo, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ni uhai wako wote na miaka 50 baada ya wewe kufa. Kwa nakala mbili! Mchapishaji wa mkusanyiko anachohitaji ni haki ya kuichapa kwanza, na labda mwaka mmoja ambao wewe huichapi kwingine, kisha hadithi inarudi kwako. Usidharau kurudi huko. Ellen Datlow, mhariri wa Marekani, tangu 2009 anatoa kila mwaka kitabu cha hadithi bora za kutisha, na nyingine huziokota kwenye mikusanyiko midogo kama wenu. Ukiwa umeuza haki zote, siku ya kuokotwa anayelipwa si wewe.

Kuhusu fedha, chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na za ajabu cha Marekani, tangu 2019, hakikubali malipo chini ya senti 8 za dola kwa neno kuwa malipo ya kitaalamu. Yako ina maneno kama 3,000, piga hesabu: dola 240. Sisemi mchapishaji wenu anazo, hana, na vitabu hapa vinatozwa VAT asilimia 16 tangu 2013, na yeye anahangaika kama wewe. Asiye na pesa aombe kidogo, basi. Mwambie hivyo kwa adabu, kifungu cha nne kibadilishwe, na kiongezwe kimoja cha mrabaha iwapo chapa ya kwanza itaisha. Akikataa, hadithi ile ina pa kwenda.

Usitie sahihi kabla sijauona mkataba mzima, kurasa zote, si picha ya ukurasa mmoja. Na nakala ya mwalimu wa Kisauni usiitume kwa basi. Mpe mdogo wako akija harusini, na umwambie asiisome njiani, maana yeye na uchafu wa mafuta ya viazi karai hawaachani.

Wasalimie wote.

Wako,
Somo