Seneti ya Marekani iupigie kura muswada wa bunduki

Mhariri,

Kila mauaji ya halaiki yanapotokea huku Marekani, muswada wa kupiga marufuku bunduki za kivita hufufuliwa, kisha hulazwa. Marufuku ya 1994 iliachwa ife mwaka 2004. Julai 2022, baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa Uvalde, Texas, Baraza la Wawakilishi lilipitisha nyingine kwa kura 217 dhidi ya 213. Seneti haikuigusa.

Iliyopitishwa ikawa sheria ni ile ya Juni 2022, ambayo humkagua zaidi mnunuzi wa chini ya miaka 21. Si haba. Lakini aliyeua watu 18 Lewiston, Maine, mwaka 2023, alikuwa na miaka 40! Sheria hiyo ingemgusa wapi?

Mwanangu wa darasa la kwanza ameshafundishwa kujibanza kwenye kona ya darasa, taa zimezimwa na mlango umefungwa kwa ufunguo, hata kukohoa marufuku. Rambirambi za maseneta tumezisikia za kutosha. Waupigie kura muswada, jina kwa jina, tuwajue.

Mzazi,
Maine, Marekani