Kasha la santuri za kale lisiuzwe bila kitabu chake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagusa wapenzi wa muziki wa kale wa kantri na muziki wa asili wa Marekani, hasa sisi tunaokusanya makasha ya rekodi za zamani zinazotolewa upya. Sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2018 iliamua kwamba rekodi za sauti zilizotolewa kabla ya mwaka 1923 ziwe mali ya umma kuanzia tarehe 1 Januari 2022, na kwamba zile za mwaka 1923 hadi 1946 zilindwe kwa miaka 100. Kwa hesabu hiyo, rekodi zilizotolewa mwaka 1927 zitakuwa huru tarehe 1 Januari 2028, na mtu yeyote ataweza kuzikusanya, kuzitia kwenye kasha na kuziuza bila kuomba ruhusa ya kampuni. Nafurahi kwamba nyimbo hizo zitarudi mikononi mwa watu. Ninachohofia ni kwamba zitarudi zikiwa zimevuliwa kumbukumbu zake.

Mwaka 1927 ndio mwaka ambao Ralph Peer, akiifanyia kazi kampuni ya Victor, alipeleka mitambo ya kurekodi Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, na kati ya tarehe 25 Julai na 5 Agosti akarekodi nyimbo 76 za waimbaji na vikundi 19. Carter Family, kikundi cha familia kilichoimba muziki wa kantri, walirekodi nyimbo zao 6 za kwanza tarehe 1 na 2 Agosti, na mwimbaji Jimmie Rodgers akafuata tarehe 4. Kampuni ya Bear Family ya Ujerumani ilikusanya kazi hiyo, pamoja na ile ya mwaka uliofuata mjini humo humo, katika kasha la CD 5 lililotoka mwaka 2011 likiwa na kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Anayesikiliza akiwa na kitabu hicho mapajani anajua nani anaimba, nani anapiga fidla, siku gani, na nani aliingia kabla yake. Anayezisikiliza nyimbo hizo hizo zikiwa hazina maelezo anasikia mfululizo wa sauti tu, kila moja ikiwa yatima.

Mfano ulio karibu zaidi na moyo wangu ni rekodi ya Rodgers iitwayo Blue Yodel No. 9, iliyofanyika Los Angeles tarehe 16 Julai 1930. Tarumbeta inayomjibu mwimbaji ni ya Louis Armstrong, na piano ni ya mkewe, Lil Hardin Armstrong. Lebo ya santuri haikumtaja Armstrong. Anayeitegemea lebo peke yake hatajua kamwe kwamba siku hiyo mzungu wa Mississippi aliyekuwa mfanyakazi wa reli na mpiga tarumbeta mweusi wa New Orleans walisimama katika chumba kimoja, wakati ambapo kampuni zilikuwa zikiwauzia watu weusi na weupe santuri katika orodha mbili tofauti. Ukweli huo umetufikia kwa sababu kuna watafiti waliouandika, na kuna wachapishaji waliokubali kulipia kurasa.

Lesley Riddle naye nilikutana naye kwenye kurasa za namna hiyo. Alikuwa mpiga gitaa mweusi aliyefuatana na A.P. Carter, wa Carter Family, katika safari za kutafuta nyimbo vijijini. Carter aliandika maneno, Riddle akahifadhi sauti ya wimbo kichwani hadi warudi nyumbani. Hakurekodi hata wimbo mmoja na Carter Family, kwa hiyo sikio peke yake haliwezi kumgundua. Kitabu kikiondolewa kwenye kasha, Riddle anatoweka nacho.

Nayasema haya nikiwa nimeumia mwenyewe. Niliwahi kununua kasha la bei nafuu la nyimbo za miaka ya 1920, lililotengenezwa na kampuni ambayo sitaitaja, nikakuta ndani karatasi moja yenye majina ya nyimbo na basi. Sauti za wanawake zilikuwa nyembamba kama za watoto, banjo ikikimbia kuliko mkono wa binadamu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba santuri nyingi tunazoziita za mizunguko 78 kwa dakika hazikurekodiwa kwa mwendo huo hasa, na kwamba fundi mwaminifu huutafuta mwendo sahihi wa kila santuri, moja baada ya nyingine, kabla ya kuinakili. Mbaya zaidi, mikwaruzo ilikuwa imesafishwa kwa pupa kiasi kwamba mlio wa nyuzi na pumzi ya mwimbaji vilifutwa pamoja nayo. Afadhali mara mia santuri inayokwaruza na kuimba kuliko iliyonyamazishwa hivyo.

Hapo ndipo swali la chanzo linapoingia. Kampuni ya Paramount ya Wisconsin haikutunza vibao vya chuma ambavyo santuri zake zilichapishwa kutoka kwavyo. Kasha la CD 7 la Charley Patton, mwimbaji wa blues aliyerekodi na Paramount, lililotolewa na kampuni ya Revenant mwaka 2001 lilibidi litegemee santuri zilizochakaa zilizookolewa na wakusanyaji binafsi, na baadhi yake zimebaki nakala chache mno. Anayetoa nyimbo kama hizo upya bila kusema amenakili kutoka kwa santuri ya nani, au kama amechukua tu kutoka kwenye CD iliyotengenezwa kwa jasho la mwingine, anamnyima msikilizaji njia ya kuipima kazi yake.

Najua wapo wasemao kwamba vitabu huongeza bei, na kwamba nyimbo zote zimo mtandaoni. Hoja ya bei ni ya kweli. Makasha mazuri ni ghali na yakiisha sokoni huwa ghali zaidi. Lakini maelezo yanaweza kuwekwa kwenye intaneti bure, yakasomwa hata na asiye na uwezo wa kununua. Sidai kurasa mia mbili wala picha za rangi. Sidai hata kila jaribio la kurekodi wimbo mmoja lipangwe mfululizo, desturi ambayo kwa maoni yangu huwachosha wasikilizaji bure, maana majaribio hayo yangekaa vizuri mwishoni mwa CD.

Ninachowaomba wachapishaji wanaojiandaa kwa mwaka 2028 ni mambo machache: tarehe na mahali pa kila rekodi, majina ya waimbaji na wapigaji wote wanaojulikana, na chanzo cha kila nakala. Nawaomba pia wakusanyaji wenzangu waulize mambo hayo kabla ya kulipa, na wenye santuri adimu waendelee kuwaazima mafundi wanaoahidi kuyachapisha.

Wako,
Mkusanyaji wa santuri za kale