Zawadi, hii ndo Toki Pona

Mambo Zawadi,

Juzi bando lilikata kabla sijamaliza kukuelezea ile lugha, na uliniuliza swali la maana sana, kwamba lugha yenye maneno mia na kitu mtu anaongelea nini? Nimeona nikuandikie kabisa maana haya mambo kwa meseji fupi fupi hayaelezeki.

Toki Pona katunga dada mmoja wa Kanada, Sonja Lang, aliitoa mwaka 2001, kitabu chake kikaja 2014 na maneno 120, afu kamusi ya 2021 ikafikisha maneno ya msingi 137. Alitaka kurahisisha mawazo yake mwenyewe, ndo mana kabakisha vitu vya msingi tu. Maneno kayaokota huku na huku, kala (samaki) ni la Kifini, telo (maji) limetoka Kifaransa.

Sasa sauti zake ndo utazipenda. Herufi ni 14 basi, a e i o u na j k l m n p s t w. Hamna b, d, g, z, hamna r, hamna sh wala ch. Silabi ni konsonanti na irabu (mwanzoni mwa neno inaweza kuwa irabu tu), ikizidi sana inaishia na n. Yaani ulimi wa Mswahili umeshaizoea hiyo kazi toka utotoni. Cha kuangalia ni j, inasomwa kama y yetu, kwa hiyo jan (mtu) unatamka "yan", na mkazo pia, unakaa silabi ya kwanza wakati sisi tunakazia ya pili kutoka mwisho. Soweli ni mnyama, sisi mdomo unakimbilia soWEli, kumbe ni SOweli. Hiyo itakusumbua kidogo.

Jina lako nimelifanyia kazi. Z haipo inakuwa s, d haipo inakuwa t, inatoka Sawati, ila silabi ti imekatazwa, inageuzwa si, basi we ni jan Sawasi, mana jina la mtu halisimami peke yake, lazima litanguliwe na neno la kusema hiki ni kitu gani. Mombasa inakuwa ma tomo Monpasa, ma tomo ni mji, ona ile mb ilivyogeuka np. Na usishtuke ukisikia mtu anasema "sina kama", hajakosa kitu huyo, anakwambia unakuja, sina ni wewe na kama ni kuja.

Sarufi yenyewe sasa. Mtendaji anatangulia, kitendo kinafuata, kisha mtendwa, na kabla ya mtendwa unaweka e. Mi moku e kala, nakula samaki. Akiwa mtu mwingine unaweka li, ona li moku e kala, anakula samaki, hiyo ona ni yeye. Kitenzi hakibadiliki hata kidogo, hakina na- wala li- wala ta- za nyakati kama kwetu, ukitaka kusema ilikuwa zamani unaanza na tenpo pini la, basi, na kama wakati unaeleweka unaacha tu.

Ila kilichonishika mimi ni kaneno kadogo, pi. Kivumishi kinakaa nyuma ya nomino kama kwetu, jan pona ni mtu mzuri, na ndo wanavyosema rafiki. Tomo ni nyumba, telo maji, nasa ni kitu cha ajabu au cha kulewesha. Tomo telo ni bafu, ukisema tomo telo nasa umesema bafu la ajabu, mana kila neno linarudi kuielezea tomo. Weka pi, tomo pi telo nasa, sasa telo nasa yanashikana kwanza yanakuwa pombe, na tomo inakuwa baa! Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa ngeli bila hata kuwaza, kitabu cha mtoto kizuri na kitabu cha mtoto mzuri, herufi moja mbili tu za mwanzo zinakwambia nani anasifiwa. Wao hawana ngeli kwa hiyo pi inabeba mzigo wote. Mi toka nimeliona hilo naziheshimu ngeli zetu kuliko nilivyowahi kuziheshimu shuleni, kweli kabisa.

Na watu wanaosema ni lugha maskini siwaelewi. Gari hamna, unasema tomo tawa, nyumba inayotembea, ila kwa aliyegongwa nalo si nyumba tena, ataliita kivingine. Lazima uamue hicho kitu kwako ni nini ndo ukiseme.

Kuuliza ni rahisi, sina moku ala moku? unakula au huli, unajibu moku, au moku ala. Nijibu kwa voisi basi, na unitafsirie "uji wa moto wa mtoto mdogo". Moto ni seli, dogo ni lili, neno la uji halipo utalitafutia njia mwenyewe, ila nataka niisikie hiyo pi umeiweka wapi.

Wako,
Neema