Malalamiko Kuhusu Majibu ya Kipimo cha Moyo Yaliyotumwa Bila Maelezo

Buruburu,
Nairobi.

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Maabara.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: MAJIBU YA NT-PROBNP YA BABA YANGU

Ninaandika kwa niaba ya baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 74, aliyepimwa damu katika tawi lenu la katikati ya jiji baada ya kuona tangazo la kifurushi chenu cha moyo kwa wanaume waliotimiza miaka 60. Sidai kwamba kipimo chenyewe ni cha uongo. Ninalalamikia jinsi mlivyoichukua namba moja mkaifanya hukumu, kisha mkamtumia mzee kwa ujumbe wa simu usiku, bila daktari wala muuguzi wa kumweleza.

Ujumbe huo ulisema kwamba NT-proBNP yake, yaani protini ya moyo inayopimwa katika damu, ni 312, kwamba iko juu, na kwamba ana "hatari kubwa ya moyo kushindwa". Mstari uliofuata ulikuwa wa bei ya kifurushi cha kila mwezi. Maneno hayo humaanisha moyo usiosukuma damu ya kutosha, lakini mzee alielewa kwamba moyo wake u karibu kusimama. Kulipokucha aliacha matembezi yake ya asubuhi, akamwita dada yangu na kumwonyesha mahali anapoweka hati ya shamba. Nilipofuata nakala ya majibu katika tawi lenu, nilikuta mshale mwekundu kando ya namba hiyo na kiwango kimoja tu cha kulinganishia, "chini ya 125", huku nafasi ya umri na nafasi ya dawa anazotumia zikiwa zimeachwa wazi.

Nafasi hizo ndizo zenye uzito. NT-proBNP huingia katika damu misuli ya moyo inapovutwa kwa kulemewa, lakini hupanda pia kadiri mtu anavyozeeka, figo zinapodhoofika na mapigo ya moyo yanapokosa mpangilio, na huwa chini kwa watu wanene. Kiwango cha pikogramu 125 kwa mililita hutumika hasa kuondoa shaka: mtu asiye katika dharura akiwa chini yake, si rahisi kwamba moyo wake umeshindwa, akiwa juu yake, anastahili uchunguzi zaidi, hasa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Hata kwa mgonjwa anayefikishwa hospitalini akihema kwa shida, madaktari hutafuta zaidi ya 900 kwa mwenye miaka 50 hadi 75 kabla ya kuelekea kuthibitisha ugonjwa, na zaidi ya 1,800 kwa aliyevuka miaka 75. Kwa hiyo 312 kwa mzee wa miaka 74 ni sababu ya kumwona daktari, na hapo ndipo ujumbe wenu ungepaswa kuishia.

Kijitabu chenu kinajivunia utafiti wa wanaume wazee wa Uingereza. Utafiti huo upo, nami nauheshimu: wanaume 7,735 kutoka miji 24 waliandikishwa kati ya 1978 na 1980, na walipofikia miaka 60 hadi 79 wakapimwa upya. NT-proBNP ilisaidia kweli kutabiri nani angepatwa na moyo kushindwa, lakini ilisaidia ilipoongezwa juu ya umri, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara na historia ya ugonjwa wa moyo. Tena wanaume hao walikuwa karibu wote Wazungu. Katika utafiti uliochapishwa 2012 kuhusu wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, presha ndiyo iliyoongoza kama chanzo, kwa takriban asilimia 45. Ninyi mlimtoa damu mzee mwenye presha ya miaka mingi bila hata kumfunga mkono mashine ya presha.

Daktari aliyemwona baadaye alimpima figo, akampiga eko, na kukuta moyo unasukuma damu vizuri ingawa ukuta wake umenenepa kidogo kwa sababu ya presha. Alibadilishiwa dawa na kuambiwa aendelee kutembea. Kipimo chenu kingeweza kutufikisha hapo kwa utulivu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi huduma aliyoilipia. Kwa msingi huo naomba mtoe upya majibu ya baba yangu yakiwa na umri wake na maelezo yaliyotiwa sahihi na daktari. Mwache kutuma majibu ya aina hii kwa ujumbe wa simu kabla ya mtu kuzungumza na mteja. Na muulize kuhusu figo, dawa, uzito na presha kabla ya kutoa damu. Naomba pia mwondoe kwenye kijitabu sentensi inayosema kwamba aliye chini ya 125 "hana haja ya wasiwasi", kwa maana mtu mnene anaweza kuisoma na kuacha kutafuta matibabu.

Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 14, kisha nitaiwasilisha barua hii kwa bodi inayosimamia maabara nchini. Nakala ya majibu na ya ujumbe huo nimeziambatisha.

Wako mwaminifu,
Mwana wa mteja wenu.