Barua ya wazi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya: usiku tumfungulie nani?

Ndugu Mkuu wa Polisi wa Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima, afande. Nakuandikia hadharani kwa sababu haya tulishayasema mbele yako kwenye mkutano wa mtaa, ukaahidi doria, ukatupa na namba ya kituo. Doria hatujaiona.

Jumanne iliyopita, saa nane usiku, mlango wangu uligongwa kwa kishindo. "Fungua, polisi!" Nikachungulia dirishani. Wanaume wanne, nguo za kiraia, mmoja ananimulika tochi machoni nisimwone sura, mwingine pingu zinaning'inia mkononi. Nikaomba kitambulisho. Nikajibiwa kwamba nikizidi kuuliza, mlango utavunjwa.

Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa Tunduma. Niliwafungia watoto chooni, nikasukuma kabati la vyombo mlangoni, nikasimama nyuma yake na mchi wa kinu. Namba uliyotupa iliita mpaka ikakatika. Jirani alipopuliza filimbi ndipo wakaondoka.

Hadi leo sijui walikuwa askari wako au majambazi. Kituoni niliambiwa, "Siku nyingine usifungue." Na kama ni askari kweli, si nitashtakiwa kwa kumzuia afisa kufanya kazi yake?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama iruhusu saa nyingine. Kanuni ya Adhabu nayo, kuanzia kifungu cha 18, inanipa haki ya kujilinda mimi na mali yangu, mradi nguvu nitakayotumia iwe ya lazima tu. Gizani, watoto wanalia, mimi nitaipimaje nguvu hiyo? Ningempiga mtu mchi wa kichwa, asubuhi nikaambiwa nimeua askari, wanangu angewalea nani?

Vijana wa mtaa sasa wanalala na mapanga. Siwalaumu, ila naogopa. Siku mtu akija kugonga kuomba msaada wa mgonjwa, au mlevi akikosea nyumba, atakatwa kabla hajajieleza.

Labda askari ni wachache, labda gari halina mafuta. Labda kuna anayeazimisha pingu. Wewe ndiye unayejua. Lakini mwaka 2022, Panya Road, yale magenge ya vijana wahalifu, walipotutesa hapa Dar es Salaam, msako ulifanyika na watu wakalala. Kumbe inawezekana.

Afande, toa agizo: askari yeyote anayekuja nyumbani kwa mtu usiku aje na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, na kitambulisho akionyeshe kabla ya mlango kufunguliwa. Na simu ya kituo ipokelewe. Tunaomba agizo hilo litangazwe mtaani wiki hii, kabla hajauawa mtu. Simu ipokelewe, afande.

Ni mimi,
Mama mkazi wa wilaya yako