Barua ya malalamiko: tiketi ya Nanjing–Beijing iliyokatwa kwa pasipoti ya zamani

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

YAH: SAFARI YA MWALIMU MGENI, NANJING HADI BEIJING

Ndugu Meneja,

Ijumaa iliyopita mwalimu mgeni wa Kiswahili aliagwa na wanafunzi wake Nanjing. Treni yake ilikuwa ya saa 7:40 mchana, na wenyeji wa Beijing walimwandalia chakula saa 1 usiku. Alifika saa 4 usiku imeshapita. Safari hiyo mliipanga ninyi na mlilipwa yote.

Tuliwatumia nakala ya pasipoti mpya, lakini tiketi mkaikata kwa namba ya pasipoti ya zamani iliyobaki kwenye kumbukumbu zenu. Mnaishi kwa biashara hii, mnajua kuwa China tiketi ya treni ya kasi haina karatasi: pasipoti yenyewe ndiyo tiketi. Namba zisipolingana abiria hapiti getini, hata aonyeshe ujumbe wenu wa simu mara ngapi. Wala namba hairekebishwi kwenye tiketi iliyokwisha katwa. Inarudishwa, kisha inakatwa nyingine, kama siti zipo. Mngegundua kosa siku 8 kabla, pasingekuwa na makato. Zikibaki chini ya saa 24 treni iondoke, makato ni asilimia 20. Mwalimu aliwahi dirisha la tiketi dakika chache kabla treni haijaondoka. Angechelewa kidogo tu, nauli yote ingepotea. Siti za daraja la pili zilikuwa zimekwisha, akachukua daraja la kwanza la treni ya jioni kwa fedha yake.

Dakika zilikuwa chache kwa sababu dereva wenu alimshusha stesheni ya Nanjing, ile inayotazama Ziwa Xuanwu, ilhali tiketi ilisema Nanjing Kusini, Nanjingnan kwenye vibao. Ni stesheni mbili tofauti, kila moja upande wake wa mji. Ilibidi apande metro, laini ya 1, na masanduku mawili, kisha apange foleni ya ukaguzi. Hata pasipoti ingekuwa sawa, mwenye pasipoti ya kigeni mara nyingi hupitia geti la pembeni lenye mhudumu, na mageti hufungwa dakika kadhaa kabla ya treni kuondoka. Mgeni apangiwe kufika stesheni saa nzima kabla.

Karatasi yenu ya maelekezo nayo inasema mzigo kilo 23. Hicho ni kipimo cha ndege. Kwenye treni ya kasi ni kilo 20, na urefu, upana na kimo cha sanduku vikijumlishwa visizidi sentimita 130. Kuhusu pombe mmeandika "inaruhusiwa" basi. Inaruhusiwa ikiwa imefungwa kiwandani na ina lebo. Kali, ya asilimia 24 hadi 70, isizidi mililita 3,000 kwa jumla. Isiyo na lebo haipiti. Bibi wa mwanafunzi mmoja alimpa mwalimu chupa ya pombe ya mchele aliyoitengeneza mwenyewe, nayo ikabaki kwenye meza ya ukaguzi. Angejua mapema, wangeionja pamoja palepale kwenye hafla. Chupa hiyo hatuwadai, maana hamna namna ya kuilipa, lakini imetuuma kuliko nauli.

Tunadai makato ya asilimia 20, tofauti ya nauli ya daraja la kwanza, na gharama ya gari lililompeleka stesheni isiyo yake. Risiti tumeambatisha. Tujibuni kwa maandishi ndani ya siku 14.

Mwezi ujao mwalimu mwingine anatoka Xi'an kwenda Beijing. Treni yake inaondokea Xi'anbei, siyo stesheni ya zamani iliyo kwenye ukuta wa mji. Dereva aandikiwe jina hilo kwa Kichina. Na kabla hamjalipia tiketi, tutumieni picha ya ukurasa wa kukatia tiketi wenye namba ya pasipoti mliyoijaza. Tutailinganisha wenyewe, tarakimu kwa tarakimu.

Wenu,

Waratibu wa safari za walimu wageni