Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya Mama Shaloti, Morogoro

Sisi watoto, wajukuu na vitukuu wa marehemu mama yetu, aliyejulikana Kihonda nzima kwa jina la Mama Shaloti, tunawashukuru kwa dhati ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliokuwa nasi kwa hali na mali, tangu alipougua hadi tulipompumzisha katika makaburi ya Kola.

Asanteni wauguzi wa zamu ya usiku, mliomwita Bibi na kumgeuza kitandani bila kuombwa. Asanteni mapadre, wanajumuiya na wanakwaya. Akina mama wa kufa na kuzikana, mlipika siku tatu mkikesha na moshi machoni. Na nyie vijana wa bodaboda, upepo ulipong'oa nguzo mbili katikati ya mahubiri, mlilishika turubai kwa mikono na kulowa hadi padre akamaliza. Kumtaja kila mmoja hatutaweza, mtuwie radhi.

Wengi mlituuliza msibani: huyo Shaloti ni mtoto yupi? Katika sisi sita hayupo. Aliyesoma wasifu kanisani aliruka ukurasa mzima (tumeshamsamehe), basi tujibu hapa.

Miaka ya 1980 mama alikuwa mfuaji, baadaye mlezi, katika nyumba ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini hapa mjini, iliyopewa jina la Charlotte Maxeke. Wasichana wa ANC, chama cha wapigania uhuru hao, waliopata ujauzito wakiwa masomoni kwenye shule yao ya Mazimbu walikaa hapo, wakajifungua na kulea. Wao ndio waliomsimulia habari za mwenye jina, huyo Charlotte wa Afrika Kusini, ndiye Shaloti wetu, hata mama akawa anamwongelea kama jirani aliyehama juzi.

Alitusimulia huku akikamua nepi. Kwamba Shaloti alikuwa na sauti, akaenda na kwaya Uingereza mwaka 1891. Kwamba safari ya pili kwaya ilikwama Marekani bila nauli, na wa kanisa wakampeleka chuo cha Wilberforce, Ohio. Mwaka 1901 akapata shahada ya sayansi, mwanamke Mwafrika wa kwanza wa nchi yake kuipata. Hapo mama alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, hasa sisi tuliofeli hesabu.

Lakini alichokipenda zaidi ni yale ya baada ya shahada. Wanawake wa Bloemfontein, huko kwao, walikataa mwaka 1913 kubeba kipande, ile hati ya kupitia waliyolazimishwa watu weusi. Shaloti naye akaunda chama cha wanawake, Bantu Women's League, mwaka 1918, akaongoza wenzake hadi kwa waziri mkuu Louis Botha kuhusu kipande hichohicho. Kisha akaajiriwa ustawi wa jamii kwenye mahakama ya watoto Johannesburg, kusimamia watoto ambao wengine walishawakatia tamaa. Alifariki 1939. "Msomi wa Marekani, na bado anakaa na watoto wa mahakamani," mama alikuwa anasema.

ANC walipokabidhi Mazimbu kwa serikali yetu mwaka 1992, mama alirudi nyumbani na jina na tabia. Chumba cha uani, kile chenye dirisha la nyavu, hakikukaa tupu tena. Binti aliyefukuzwa kwao na tumbo alilala humo, akala tulichokula. Baba alinung'unika miaka miwili, kisha akatengeneza kitanda cha pili. Novemba 2021 redio ilipotangaza kwamba waliojifungua wataruhusiwa kurudi shule, mama alituomba tuongeze sauti, akanyamaza, akaingia ndani kutafuta daftari la majina ya mabinti wake.

Mmoja wao alikuja msibani na mwanawe aliyezaliwa chumba kile. Kijana huyo alibeba jeneza upande wa kichwani, wala hatukumpangia. Tunawashukuru pia akina mama wawili waliopiga simu kutoka Johannesburg. Mmoja Kiswahili kimemtoka chote isipokuwa "njoo ule".

Misa ya arobaini itasomewa nyumbani, na mwenyekiti wa jumuiya atawatangazia siku. Masufuria matatu na beseni la bluu lenye ufa vimebaki jikoni kwetu. Wenyewe tafadhali njooni mvichukue, ila beseni tunaomba mtuachie hadi arobaini ipite.